Nionyesheni Kreatinini Yangu

Mimi ni mchomeleaji wa chuma. Jina langu ni Georgette, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nimetengeneza milango, mageti na madirisha katika karakana moja ya Shituru, hapa Likasi, kazi niliyofundishwa na marehemu baba. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia mtu ana ugonjwa sugu wa figo, wanamwona amelala kitandani amegeukia ukuta. Mimi naandika haya nimetoka kazini, nanuka chuma. Nawaandikia wale waliotoka hospitalini jana au juzi, wanaotembea barabarani na karatasi mkononi bila kusikia pikipiki zinazowapigia honi. Sina dawa ya kuwapa. Nina yaliyonipata.

Ilianza wakati wa baridi, ambao kwetu ni katikati ya kiangazi, asubuhi zile ambazo Likasi nzima inakohoa vumbi. Viatu vyangu vya kazi vilikataa kuingia. Nilidhani ngozi imekauka, nikavipaka mafuta. Kesho yake maski ya kuchomelea ilinibana mashavu. Nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya jirani, nikaona mwanamke ambaye macho yake yamezama kwenye uso uliofura kama mkate. Mkojo wangu ulikuwa na povu, kama mtu aliyemwaga sabuni. Harufu ya bukari, ugali niliokula tangu nipate meno, ilinipa kichefuchefu. Kichwa kiliniuma kila siku, nami nilikwenda soko la Kikula kununua vidonge vya maumivu, nikavimeza kama karanga.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenipima tansiyo, yaani shinikizo la damu. Alitazama mashine, akaizima, akaiwasha, akapima mkono mwingine, kisha akamwita mwenzake aje na mashine nyingine. Alipomaliza alinisindikiza mwenyewe hadi barabarani, akanisimamishia pikipiki ya kwenda hospitali. Muuguzi akikusimamishia pikipiki, ujue mambo si mepesi.

Hospitalini nilitolewa damu, nikaambiwa nisubiri. Wewe unayesoma hivi sasa pengine umekaa kwenye benchi kama lile: la mbao, limelainishwa na makalio ya watu, linatazamana na mlango unaofunguka kwa ajili ya wengine tu. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu aliniuliza ninaumwa nini. Nikamwambia sijui. Alinigawia nusu ya chungwa lake, akasema, "Kula, mama. Kama uko na woga, tumbo isikae bule." Sikumwona tena maishani. Sikujua wakati ule kwamba baadaye ningeambiwa nipunguze hata machungwa kwa ajili ya figo, lakini ile nusu ilinishikilia.

Mume wangu Faustin alifika akiwa bado na grisi mikononi, maana ni fundi wa malori. Daktari alitukalisha, akatazama karatasi ya maabara, akamgeukia yeye.

"Bwana, figo za mke wako hazifanyi kazi vizuri."

Akaikunja karatasi na kumpa Faustin. Nikanyoosha mkono kati yao.

"Dokta, ile damu ni yangu ao ni ya Papa Faustin?"

"Ni yako, mama."

"Basi unionyeshe minye."

Faustin alinikanyaga mguu chini ya meza, mguu uliofura, nikauma meno. Lakini daktari aliifungua karatasi tena, akaiweka mbele yangu, akaweka ncha ya kalamu kwenye neno moja: kreatinini. Akanieleza kwamba ni taka ya misuli inayotembea kwenye damu, na figo ndizo zinazoitoa. Namba ikipanda, maana yake figo zinashuka. Hiyo ndiyo elimu yote nitakayowapa. Mengine waulizeni wenyewe.

"Itarudi chini?" nikamuuliza.

"Haitarudi kuwa kama ya zamani. Kazi yetu ni kuifanya ipande polepole."

"Polepole namna gani?"

Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Polepole kama treni ya Kamina."

"Basi minye napanda hiyo treni," nikasema. Faustin hakucheka. Njiani aliitia karatasi mfukoni mwake.

Nilipewa dawa za tansiyo na za kutoa maji mwilini, nikakatazwa chumvi na vile vidonge vya maumivu. Uvimbe ulianza kupungua. Lakini nyumba ilianza kujaa watu. Mama mkwe wangu alitoka Kikula na mfuko wa mizizi. Yaya Jérôme, kaka mkubwa wa Faustin, ambaye ni shemasi katika kanisa lao la maombi, alitangaza funga. Mimi nilikulia katika Ukatoliki, na hadi leo nasali kikatoliki, lakini maombi ya mtu siyakatai. Na mizizi ya mama mkwe niliinywa. Yule mama alinipokea kama binti yake wakati watu wengine wa ukoo walisema mwanamke anayechoma chuma hawezi kuwa mke. Alikuwa anakaa mbele yangu hadi kikombe kiishe. Ningemtemea vipi?

Jumapili moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, walinipeleka kanisani kwao. Mchungaji aliniwekea mikono, watu wakalia, na kweli siku ile mwili wangu ulikuwa mwepesi. Viatu viliingia. Uso ulikuwa wangu. Jérôme alisimama akatangaza kwamba nimepona, na kanisa zima likapiga vigelegele. Tulirudi nyumbani tukiimba.

Tarehe ya kurudi maabara ilipokaribia, Faustin aliniambia, "Unaenda tena kufanya nini?"

"Kutoa damu."

"Bantu bote balisikia kama umepona. Kama unarudia labo, ni kusema hauamini."

"Kama Mungu ameniponyesha, labo itaona. Mungu haogopi sindano."

Alikasirika. Alisema namkosesha heshima mbele ya kaka yake. Alisema ile karatasi ndiyo inayonipa ugonjwa, kwamba mtu akikaa anatazama namba yake kila mara mwisho namba itamla. Nilimsikiliza hadi mwisho, maana nilijua ni hofu inayoongea. Asubuhi nilivaa kitenge changu kizuri, nikaenda peke yangu.

Namba ilikuwa imepanda. Si polepole. Imeruka.

Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu, "Unakunywa nini nyumbani?" Nikamwambia. Akasema mizizi ile yeye haijui, na figo zangu pia haziijui, na kwamba kujisikia mwepesi ni kazi ya dawa za kutoa maji tu. Haimaanishi kwamba figo zimepona. Hilo liandikeni moyoni kama hamtakumbuka lingine: mwili unaweza kukuambia uko vizuri wakati damu inasema vingine. Mimi nilikuwa nacheza kanisani huku namba inapanda ngazi.

Kutoka hospitali sikwenda nyumbani. Nilikwenda Kikula moja kwa moja. Mama mkwe alikuwa uani anachagua maharage. Nilikaa chini kwenye mkeka wake, nikamwonyesha karatasi, ingawa hasomi, nikamwekea kidole kwenye namba ya zamani na namba mpya.

"Mama, hii mizizi sitakunywa tena."

Mikono yake ilisimama. "Minye nilizala batoto munane na hii mizizi. Hakuna mwenye ilimuua."

"Bo balikuwa na figo nzima, mama. Zangu zimechoka. Haziwezi kubeba mizigo mbili."

Akalia. Nilitamani kusema basi nitakunywa kidogo, ili anyamaze. Sikusema. Nilimshika magoti tukakaa hivyo, hadi akajifuta kwa kitenge na kuniuliza kwa sauti ya ugomvi, "Sasa nikupe nini? Uniambie. Siwezi kukaa tu kama mugeni."

Nikamweleza kuhusu chakula. Daktari alisema majani na maharage yachemshwe, maji yamwagwe, yachemshwe tena, ili yatoke madini ambayo figo zangu haziwezi kuyatoa. Tangu siku hiyo mama mkwe ndiye aliyekuwa askari wa sufuria yangu. Alikuja mara kwa mara, akachemsha sombe, majani ya muhogo, mara mbili huku ananung'unika kwamba utamu wote unakwenda kwenye mtaro. Makayabu, samaki wa chumvi ninayempenda kuliko nyama, alimfukuza nyumbani kwetu, akawa anatafuta samaki wabichi wa Tshangalele kwa wanawake waliotoka nao ziwani asubuhi. Alinipikia kwa ndimu na kitunguu. Mwanzoni ilikuwa kama kula karatasi. Baadaye ulimi ulizoea. Siku hizi nikila kwa watu, chakula chao kinanichoma.

Damu iliyofuata, namba ilisimama. Iliyofuata tena, ilisimama. Mvua zilikwisha, mahindi yakavunwa, baridi ikarudi, na mimi nikarudi karakana. Mwenye karakana alitaka nikae mlangoni nipokee wateja. Nikamwambia akitaka mtu wa kukaa mlangoni amtafute mtu wa mlangoni. Nilichomelea nusu siku, nikapumzika kivulini, nikanywa maji yangu niliyopimiwa. Nilichoka haraka kuliko zamani, na miguu ilinikaza usiku. Ngozi iliwasha. Lakini milango ilitoka, na ilikuwa imenyooka.

Sasa nifike kwenye siku ambayo watu bado wananikumbusha sokoni.

Maabara ya hospitali iliishiwa dawa za kupimia. Daktari aliniambia nisingoje, niende Lubumbashi. Nilipanda basi, nikatoa damu, nikalala kwa mdogo wangu. Maabara ile ilituma matokeo kwa simu, na kwa kuwa yangu ilikuwa inazimika kila saa, nilikuwa nimewapa namba ya Faustin. Asubuhi nilipitia kuchukua karatasi yenyewe. Nikaifungua pale mlangoni.

Mia mbili na thelathini.

Nilikuwa nimezoea mbili na kitu. Mbili nukta sita, mbili nukta saba. Mia mbili! Nilikaa kwenye ngazi, nikamwona kichwani mwangu Clarisse, binti yangu mkubwa, amevaa kitambaa cha msiba. Watu walinipita. Kisha hasira ikanijia, ile inayonijia ninapopewa kipimo cha mlango ambacho hakiwezekani. Nikasimama, nikarudi dirishani.

"Mama, hii namba ni ya nani?"

Mwanamke wa maabara aliichukua karatasi, akaniuliza ya zamani ilikuwa ngapi, nikamwambia. Akacheka kidogo. Akanieleza kwamba wao wanatumia kipimo kingine, si kile cha Likasi. Alichukua simu yake, akapiga hesabu mbele yangu. "Kwa kipimo chenu ni mbili nukta sita. Uko vilevile, mama. Hata umeshuka nywele moja."

Nilimbusu mkono wake kupitia dirisha. Simu yangu ilikuwa imezimika. Nikapanda basi, nikalala hadi Likasi.

Nilipoingia mtaa wetu niliona viti vya plastiki vimepangwa kwenye ua mmoja, na nikasikia nyimbo. Nikamhurumia jirani aliyefiwa. Nikasogea, nikaona ua ule ni wetu. Nilikimbia, mimi ambaye nilikuwa sijakimbia tangu niugue. Nilipoingia getini, wimbo ulikatika. Mwanamke mmoja wa kanisa la Jérôme alipiga ukelele.

"Nani alikufwa?" nikauliza.

Clarisse alitoka nyumbani akaniangukia shingoni. "Mama, banasema imebakia siku kidogo."

"Za nani?"

"Za weye."

Jérôme alisimama, simu ya Faustin mkononi. Faustin mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kona, kichwa kati ya mikono.

"Shemeji, ukae kwanza," Jérôme alisema taratibu, kama anayeongea na mtu aliye ukingoni mwa kisima. "Tuliona rezulta. Ulikuwa na mbili. Sasa iko mia mbili na makumi tatu. Tulikuwa tunapanga tu vile tutafanya na batoto."

"Mulipanga nini?"

"Clarisse atakuya kwangu. Mudogo wake ataenda kwa mama, Kikula."

Walikuwa wananigawia watoto nikiwa hai, nimesimama, na mfuko wa mikate ya Lubumbashi mkononi. Niliuweka chini. Nilikwenda hadi kwenye mlango wa nyumba yetu, mlango niliouchomelea mwenyewe mwaka tuliojenga, nikaupiga kofi ukalia ua mzima.

"Yaya Jérôme, huyu mulango iko na urefu gani?"

"Shemeji..."

"Unijibu."

"Sijui. Mita mbili."

"Na nikipima na santimetre?"

Clarisse ndiye aliyesema, "Mia mbili."

"Basi mulango imekuwa murefu zaidi?"

Nikaitoa karatasi, nikaiinua juu waione.

"Labo ya hapa inapima namna yake, ya Lubumbashi inapima namna yake. Damu ni ile ile. Minye pia, wakati niliona ile namba, nilikaa chini kwenye ngazi. Lakini niliuliza mwenye alipima. Nyinye muliuliza nani?" Niliwatazama mmoja mmoja. "Batoto yangu haiko nyama ya kugawanya. Benye balikuya kulia, baende. Benye banabakia, baimbe wimbo ya furaha."

Kisha kutoka jikoni nilisikia kicheko, kile kicheko chembamba cha mama mkwe, naye akatokea mlangoni na mwiko mkononi akapiga kigelegele. Wengine wakafuata. Jérôme alikaa chini kama mtu aliyesukumwa. Waliimba, na chakula kilichopikwa kwa ajili ya matanga yangu kililiwa chote. Mimi pia nilikula. Mama mkwe alikuwa ameniwekea pembeni sahani isiyo na chumvi, na nilipomuuliza kwa nini alimpikia mfu bila chumvi, alisema, "Mukono ilizoea."

Watu walipoondoka, Faustin alibaki kwenye kiti kilekile. Nikavuta kingine.

"Minye siku zote nilikuwa naogopa ile karatasi," alisema. "Nilikuwa naona kama siiangalie, haitafika."

"Inafika tu, Papa. Afazali tuione ikiwa mbali."

Tangu hapo tunakwenda pamoja. Yeye anashika kofia yake, mimi nanyoosha mkono kwa sindano. Namba ikitoka anaisoma kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti, na anauliza ni kipimo gani. Jérôme bado ananiombea. Siku moja alinipigia simu kuniuliza, bila kutaja lingine, kama nina habari ya namba. Nikamwambia. Akasema asante, shemeji.

Sitawadanganya. Mvua hizi zilizopita namba ilipanda tena, na safari hii haikusimama. Treni inakwenda. Nilipungua uzito, ladha ya chuma ilikaa mdomoni, na hiyo haikutoka karakana. Daktari tuliye naye sasa ni mwanamke kijana asiyezunguka maneno. Alisema mimi bado sijafika kwenye mashine ya kusafisha damu, lakini tusikae tukiingoja. Nitafanyiwa upasuaji mdogo Lubumbashi, waunganishe mishipa miwili ya mkono, ili mshipa unenepe na uwe tayari siku mashine itakapohitajika. Mkono ule hautapigwa sindano ovyo tena, hautapimwa tansiyo, hautabeba mzigo mzito.

Faustin alinishika bega. Nje ya dirisha wagonjwa walikuwa wanaitwa majina. Niliogopa, na sioni aibu kulisema. Nilitazama mikono yangu juu ya meza ya daktari, yote miwili ina madoa ya moto, yote miwili imelisha nyumba.

"Kawaida tunachukua ule usiotumika sana," alisema daktari. "Unatumia upi, mama?"

"Wa kushoto unashika maski," nikamwambia, "na maski nitaifunga kichwani. Mukamate huo."

"Na wa kulia?"

"Wa kulia iko na kazi kesho asubuhi."